Krismasi ya chumba kimoja

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tumepanga chumba kimoja hapa Makorora, Tanga. Mume wangu ni saidia fundi, mimi nakaanga vitumbua asubuhi. Krismasi iliyopita mwanangu wa miaka saba aliniuliza, "Mama, kwetu Krismasi haikufika?" kwa sababu hatukununua nguo wala kupika pilau. Sikuwa na la kumjibu. Tena majirani zetu Waislamu hutuletea sahani kila Idi, nami Krismasi naona haya, sina cha kurudishia. Nifundishwe, Krismasi ina maana gani kwa watu kama sisi, na tuifanyeje?

Jibu: Milele amina, mama. Nianze na mtoto, maana ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi wanalo moyoni ila wanaona haya kulitamka. Aliona wa nyumba ya pili wamevaa vipya na sufuria inanukia, kwenu hakuna, akahesabu kwamba Krismasi ilipita mlangoni ikaenda kwingine. Kosa si lake. Sisi ndio tuliomzoeza kuitambua sikukuu kwa nguo na nyama. Kwa hiyo kabla ya la kufanya, turudi kwenye Injili tuone Krismasi ya kwanza ilitambulikaje.

Fungua Luka sura ya 2, usome polepole aya ya 1 mpaka ya 24. Wengi huishia aya ya 20, wachungaji wanaporudi zao, wakaikosa aya moja ambayo naiona ni yako kuliko zote. Nitaifikia.

Yosefu alikuwa fundi. Neno la Kigiriki linalotumika katika Mathayo 13:55 tumezoea kulifasiri "seremala", lakini liliwahusu mafundi wa ujenzi kwa jumla, wa mbao hata wa mawe. Mumeo anayekoroga zege na kupandisha tofali yuko karibu sana na kazi ile. Fundi huyu alitoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa amri ya Roma, kuandikishwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 wenye milima, mbali kuliko Tanga mjini mpaka Segera, na mkewe ana mimba pevu.

Wakafika, na hapo ndipo panapokuhusu wewe uliyepanga chumba kimoja. Biblia yetu inasema hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, nasi mara moja tunaiona gesti, na mwenye gesti mkali anayewafungia mlango. Katika Luka mtu huyo hayumo. Neno la Kigiriki aliloandika Luka ni kataluma, na anapolitumia tena, 22:11, ni chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu, kile ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Alipotaka kutaja gesti ya kulipia, kwenye habari ya Msamaria mwema, 10:34, alichukua neno jingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu wengi wa Biblia huona kwamba Maria na Yosefu walifikia katika nyumba ya watu, yumkini jamaa zake Yosefu, chumba cha wageni kimeshajaa, wakajibanza upande ulipolala mifugo. Nyumba nyingi za watu wa kawaida kule zilikuwa na sehemu ya chini ya kuingizia wanyama usiku, na hori yao palepale.

Basi iweke Makorora. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, kila chumba na familia yake. Uani kuna jiko, kamba ya nguo na banda la kuku. Usiku anafika mgeni wa mmoja wa wapangaji, mkewe ameshikwa na uchungu. Vyumba vyote vina watu. Wanawake wanatandika mkeka uani karibu na banda, wanatundika kanga mbili kukinga macho, mmoja anachemsha maji. Asubuhi mtoto amelazwa kwenye beseni lililotandikwa nyasi. Picha hii iko karibu na Luka kuliko kadi nyingi za Krismasi tunazoziona madukani.

Na neno lenyewe hori, watu wa pwani tunalo kwa maana zaidi ya moja. Ni chombo cha kulishia mifugo, ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na ni aina ya mtumbwi mdogo. Kwa mtoto wa Tanga, kumwambia kwamba Yesu alilazwa katika kitu mfano wa kihori kidogo cha mbao si kumpotosha. Ataiona.

Sasa tazama malaika aliwapa wachungaji ishara gani. Hakuwapa nyota, nyota iko kwa Mathayo, na iliwaongoza mamajusi. Wachungaji waliambiwa watamkuta mtoto mchanga amevikwa nguo za kitoto, amelala horini. Vitambaa na hori, basi. Vitu ambavyo mchungaji angevitambua gizani kwa kugusa. Nguo za kitoto zilikuwa vitambaa virefu vya kumfunga mtoto aliyezaliwa, kama wewe ulivyowafunga wanne wako kwa kanga iliyochakaa kwa kuwa ndiyo laini. Katika kitabu cha Hekima, 7:4-6, mfalme Sulemani mwenyewe anasema naye alifungwa vitambaa na kulelewa kwa uangalizi, kwamba hakuna mfalme aliyeanza maisha kwa namna nyingine. Ukimwonesha mwanao kanga uliyomfungia siku ya kwanza, kama bado unayo, umemwonesha nusu ya ishara ile.

Tuje kwenye aya niliyosema. Luka 2:24. Siku za utakaso zilipotimia, Maria na Yosefu walipanda Yerusalemu kumtolea mtoto kwa Bwana, wakatoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hapo Luka hafafanui, kwa sababu aliyeijua Torati angeelewa. Nenda Walawi 12. Mama aliyezaa mtoto wa kiume alihesabiwa siku 7, kisha siku 33, jumla 40, ndipo alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na njiwa mmoja. Aya ya 8 ndiyo inayoeleza: asipomudu mwana-kondoo, alete ndege wawili. Mama wa Mungu alitoa sadaka ya mama asiyemudu. Alisimama hekaluni na ndege wawili, wenye uwezo wakiwa na kondoo wao, na Mungu aliipokea sadaka ile kwa kuwa ndiye aliyeiweka katika sheria yake tangu mwanzo, ili asibaki mzazi hata mmoja nje. Siku 40, mama. Arobaini, kama tunavyoihesabu pwani kwa mzazi na mtoto wake kutoka nje. Habari hii haihitaji kutafsiriwa sana ikifika Tanga.

Kwa hiyo mwanao akiuliza tena, usimwambie "sisi ni maskini, Krismasi ni moyoni". Mtoto wa miaka saba hawezi kula maneno hayo. Mwambie hivi: "Yesu alizaliwa kwenye nyumba iliyojaa kama yetu. Baba yake alikuwa fundi kama baba. Hawakuwa na hela ya kondoo. Krismasi ilianzia kwa watu kama sisi, na mwaka huu tutamwandalia mahali pa kulala." Halafu muandalieni kweli, kama nitakavyoeleza, kwa sababu mtoto huamini anachokigusa.

Niongeze neno moja la historia, ili usidhani najaribu kukufariji tu. Ukristo ulivyorudi kuota katika mwambao huu karne ya 19 ulianza na watu wasio na kitu. Bagamoyo, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na wengi wa Wakristo wa mwanzo pale walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto wakiwamo, wasiojua hata walikotekwa ni wapi. Unguja, soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao pale Mkunazini, juu ya eneo la soko. Waliichagua Krismasi. Tangu hapo walioshika sikukuu hii pwani si wenye majumba.

Sasa matendo. Sikukuu hii inaharibika kwa sababu tunaianza tarehe 24 jioni, mkononi hakuna kitu na akilini kuna haya. Anza Majilio, kipindi cha kujiandaa kabla ya Noeli. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, hivyo una siku kati ya 22 na 28 mpaka mkesha. Chukua kopo la maziwa ya unga, lichane mfuniko, liwe kibubu. Shilingi 500 kila siku ya vitumbua itakupa kati ya 11,000 na 14,000. Siku usiyouza usiweke, wala usilipe deni la kibubu kesho yake, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa wakakivunja. Hela hiyo ina kazi tatu tu: mchele na nazi, sabuni, na sadaka.

Mkopo usikope. Nakusihi kabisa. Mikopo ya kausha damu huchangamka Desemba kwa kuwa wakopeshaji wanajua haya ya mzazi mbele ya watoto. Ukikopa tarehe 20 ununue magauni, marejesho yanakukuta Januari, wakati shule zinafunguliwa na mtoto anahitaji sare, madaftari na viatu. Hata shule za serikali zisizotoza ada bado zinadai vitu hivyo. Nimesisitiza hili katika jibu la imani kwa makusudi, kwa sababu nyumba inayokopa kwa ajili ya Noeli huingia Epifania, sikukuu ya mamajusi, ikiwa na ugomvi.

Nguo: ifueni nguo nzuri kuliko zote iliyopo, siku mbili kabla, mwianike kivulini isipauke, shona kifungo kilichokatika, pigeni pasi tarehe 24 mchana kabla mkaa haujahitajika jikoni. Mtoto aambiwe mapema, wiki ya kwanza ya Majilio, kwamba mwaka huu nguo ni hii. Kinachomuumiza mtoto ni kungoja jambo asilojua kama litakuja.

Wiki ya pili ya Majilio jengeni pango, yaani mfano mdogo wa mahali alipozaliwa Yesu. Desturi hii tunaihusisha na Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, aliagiza nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, watu wa kijiji wakaja na mienge usiku kuadhimisha Noeli. Alikusudia watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto alivyopungukiwa. Sanamu za dukani ni nzuri, lakini pango lenu litatoka kwenye udongo.

Tafuta udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, vikopo vitatu, na mchanga laini uliochekechwa, kikopo kimoja. Mchanga huo ndio unaozuia kupasuka. Ongeza maji kidogokidogo, kanda kama unga wa chapati mpaka usinate mkononi, funika kwa kitambaa kibichi ulale usiku mmoja. Kesho yake kila mtoto afinyange mmoja: Maria, Yosefu, mchungaji, kondoo; nanyi wazazi mfinyange Mtoto na mamajusi. Urefu usizidi kidole cha kati. Mikono iunganishwe na mwili, isitokeze, itakatika. Chini ya kila sanamu toboeni shimo kwa mpini wa kijiko ili udongo usiwe mnene sana katikati. Zianikeni kivulini siku nne au tano. Mkiharakisha juani, ngozi ya nje hukauka na kujikunja wakati ndani bado kuna maji, zikapasuka usiku. Msizichome jikoni, unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kuzivunja. Zikikauka tu zinatosha.

Nyumba ya pango ni boksi lililolazwa, juu yake kipande cha kuti. Hori ni nusu ya kifuu cha nazi, ndani yake makumbi machache yaliyochambuliwa. Kishike kifuu hicho mkononi uone: kigumu nje, kinakwaruza, ndani nyuzi laini za rangi ya kahawia kama nyasi kavu. Kiachwe bila Mtoto mpaka usiku wa tarehe 24. Hapa pana zoezi la zamani ambalo watoto hulipenda: kila anayefanya jambo jema kwa siri, kumchotea maji bibi wa chumba cha mwisho, kumwachia mdogo wake kipande kikubwa, anatia uzi mmoja wa kumbi horini. Mtoto ataona kwa macho kwamba kitanda cha Yesu kinanona au hakinoni. Mamajusi wawekwe mbali, dirishani au juu ya ndoo, wasogezwe kidogo kila siku mpaka Epifania, tarehe 6 Januari au Jumapili iliyo karibu kama parokia yenu inavyoadhimisha. Na kwa kuwa mtoto atauliza, Injili haisemi walikuwa watatu; inataja zawadi tatu.

Kazi ya pango mpe mumeo. Nasema hili kwa uzito. Baba asiye na kitu siku ya sikukuu mara nyingi hutoka nyumbani asubuhi asirudi mpaka usiku, na watu humsema vibaya, kumbe anakimbia macho ya watoto wake. Fundi aliyejenga nyumba ya Yesu kwa mikono yake mbele ya wanawe ana sababu ya kubaki. Yeye pia ndiye asome Injili usiku ule.

Usiku wa tarehe 24 msingoje saa sita. Wadogo watalala, na umeme ukikatika mtavurugika. Saa moja na nusu usiku, mkishakula, kaeni mkekani. Mshumaa mmoja, ndani ya glasi yenye mchanga vidole viwili, uwe mbali na kuti la pango. Makuti makavu ya Desemba hushika moto mara moja. Kama chumba kinabana, tumia tochi. Baba asome Luka 2:1-14, aya kumi na nne tu. Mdogo kuliko wote amlaze Mtoto kwenye kifuu. Kila mmoja ataje jina la mtu mmoja wa kuombewa. Baba Yetu, Salamu Maria, wimbo mmoja wa Noeli mnaoujua wote, mwisho. Dakika 20 zinatosha. Sala ikirefushwa, watoto husinzia na mwakani hawataitamani.

Kanisani, mbali na Misa ya mkesha, Noeli ina Misa tatu katika mpangilio wa Kirumi, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, na kila moja ina Injili yake. Ya usiku husomwa kuzaliwa, Luka 2:1-14. Ya alfajiri husomwa Luka 2:15-20, wachungaji wakienda kuona. Ya mchana husomwa mwanzo wa Yohane, Neno alifanyika mwili. Si kila parokia inaweza kuwa na zote tatu, kwa hiyo muulize katekista wenu wiki moja kabla. Kwa mama mwenye watoto wanne na hana nauli ya bajaji usiku, ya mapema asubuhi ndiyo mwafaka, wala haina upungufu wowote. Ni Misa ya wachungaji, watu waliokesha kazini. Walinzi, wauguzi, wavuvi wanaorudi alfajiri na taa zao, na wewe unayeamka kabla ya watu kuumua unga, mna haki ya kwanza nayo. Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, kimalizwe mapema katika Majilio. Siku mbili za mwisho foleni huwa ndefu na padre amechoka. Walutheri na Waanglikana wana saa zao na liturujia yao, lakini Injili ni hiyohiyo, na haya yote ya nyumbani yanawafaa vilevile.

Sadaka yenu iwe ya hua. Shilingi mia tano iliyotoka kwenye kibubu, au nazi mbili, mayai matatu, kipimo cha mchele kwenye matoleo ya vitu. Watoto wapeleke wenyewe mbele. Atakayewatazama vibaya hajasoma Walawi 12.

Chakula kisikusumbue. Pilau si sharti la imani. Wali wa nazi kwa samaki au maharage ni karamu halali ya Tanga. Kwa watu sita, kilo moja ya mchele, kama vikombe vitano, na nazi mbili zilizokomaa. Kamua tui zito kikombe kimoja liweke pembeni, kisha kamua tui jepesi vikombe saba kama mchele ni mpya, vinane kama ni wa zamani, kwa kuwa wa zamani hunywa maji zaidi. Chemsha tui jepesi na chumvi na iliki tatu zilizopondwa, tia mchele, moto wa kati. Tui likishashuka usawa wa mchele, mimina lile zito, geuza mara moja tu, punguza makaa chini, funika, palia juu dakika 15 hadi 20. Anayegeuzageuza ndiye anayepata bokoboko.

Na majirani. Haya yako naielewa, kwa sababu pwani sahani hairudi tupu. Lakini sahani haidai pilau kwa pilau. Desemba ni msimu wa maembe, na wewe una mkono wa vitumbua ambao jirani yako hana. Vitumbua kumi vya moto vilivyofunikwa kawa, vimepelekwa na mtoto aliyevaa nguo safi anayesema "Mama anawasalimu, leo ni sikukuu yetu", vimerudisha sahani zote za Idi. Mkipata kuku na mkitaka kuwaalika, achinjwe na Mwislamu, tena mtu mnayefahamiana, mpike katika sufuria isiyopikiwa kitimoto, na pombe isiwepo mahali pale. Hili lifanywe wazi wakilijua, ili mgeni ale bila wasiwasi. Mama wa nyumba ya pili anamjua Bibi Maryam na mwanawe Isa. Katika Kurani iko sura yenye jina lake, ya 19, inayosimulia uchungu ulivyomshika penye shina la mtende na tende mbivu zikamwangukia. Dini zetu hazisemi sawa juu ya mtoto huyu, wala msibishane siku hiyo. Lakini mama aliyejifungua mbali na kwao, akiwa na shida, mnamjua wote wawili.

Tena kumbuka wachungaji. Luka hasemi walibeba kitu. Walienda haraka, wakaona, wakasimulia waliyoambiwa, wakarudi kazini wakimsifu Mungu. Kwa hiyo mchana wa Krismasi, badala ya kukaa chumbani mkijihesabia mlichokosa, mchukue mtoto mmoja mkamwone mgonjwa hospitali ya Bombo saa za kuona wagonjwa, au mzee asiyepata mgeni hapo mtaani. Nusu saa. Mikono mitupu inaruhusiwa.

Kuhusu tarehe, maana nayo huulizwa: Biblia haitaji siku. Kumbukumbu ya Roma inaonesha 25 Desemba ikiadhimishwa mwaka 336, na Wakristo wa Ethiopia na wa Misri huadhimisha 7 Januari kwa kalenda yao. Hilo halipunguzi kitu.

Mwisho, mwambie mwanao kwamba Krismasi haikupita tarehe 25. Pango libaki mpaka mamajusi wafike. Kisha mhesabu pamoja, kuanzia Noeli yenyewe ikiwa siku ya kwanza, mpaka siku ya 40, nayo ni tarehe 2 Februari, Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, arobaini ya Yesu. Siku hiyo mishumaa hubarikiwa kanisani. Peleka kile kipande kilichobaki cha mkesha. Sanamu za udongo zifungeni moja moja kwenye vitambaa vya kanga, mziweke ndani ya kibubu kitupu, mfuniko juu, mbali na unyevu wa sakafu. Kifuu kikivunjika si neno, nazi nyingine itakunwa.